Msalaba Uliopita Mlangoni Kwetu

Siku ambayo wimbo ulipita mlangoni kwetu bila kuingia naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Watu husema uzee hupoza damu. Yangu bado ya moto, na kwa jambo hili sina mpango wa kuipoza. Nimekuita, mjukuu wangu, ukae hapa kwa sababu nasikia wamekuchagua mwenyekiti wa jumuiya, kijana mdogo hivyo, na kabla wakubwa hawajakujaza hofu zao nataka uwe umeshanisikia mimi.

Wakati huo sikuwa hapa Buhare. Tuliishi Kibara, nyumba yetu ikiwa juu kidogo ya mwalo, pale wavuvi wanapopandishia mitumbwi, na upepo ukigeuka harufu ya dagaa walioanikwa iliingia mpaka chumbani. Baba alikuwa ameshatangulia. Tulibaki mama, kaka yangu Bwire na mimi, msichana niliyemaliza la saba na kuanza kuangaliwa na washenga. Bwire alikuwa mvuvi wa dagaa, mcheshi, na kwaya ya kigangoni bila sauti yake ilikuwa inapwaya.

Kisha akaugua. Alianza kwa kukosa usingizi, halafu akawa anajibizana na watu ambao sisi hatukuwaona, mwisho akagoma kuingia kwenye mtumbwi akisema ziwa linamsema vibaya. Mama alimpandisha basi hadi Bunda, na kutoka Bunda hadi hospitali mjini Musoma, akaanzishiwa vidonge na sindano. Akatulia. Zipo siku zilizokuwa mbaya, lakini siku nyingi alikuwa Bwire wetu yule yule, anayekula sato na kichwa chake na kumtania mama kwamba chumvi imepanda bei.

Jumapili moja katekista aliuliza katikati ya mahubiri, kama wahubiri wanavyopenda kuuliza, nani kati yetu hana dhambi. Bwire akasimama akajibu kwa sauti kubwa kwamba ni mbuzi wa jirani yetu peke yake. Watoto wakacheka, watu wazima wakakunja nyuso. Alipoambiwa akae akaanza kulia, akaenda mbele, akakumbatia nguzo, na wanawake wa benchi la kwanza wakakimbia wakaacha hadi kanga zao. Tangu siku hiyo wazee wa kanisa walituelekeza tukae nje, chini ya dirisha. Mama alikaa. Jua lilimpiga pale, mvua ikamnyeshea pale, na komunyo aliletewa pale na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi ndani.

Hilo mama alilimeza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi humeza mengi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulimeza, na ndilo nililokuitia.

Unajua jumuiya zetu zinavyokwenda. Sala inazunguka nyumba kwa nyumba, kila Alhamisi. Kwetu Kibara jumuiya ilikuwa na msalaba wake wa mbao, mkubwa kidogo, na msalaba huo ulikuwa unahama pamoja na sala. Sala ikifanyika kwako leo, msalaba unabaki kwako juma zima, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mpaka Alhamisi inayofuata. Siku hiyo watu wanakusanyika kwako, wanasema sala fupi ya kuuaga, wanaubeba kwa wimbo hadi nyumba ya jirani anayefuata. Kanuni ilikuwa moja tu, na wazee waliitunga wenyewe kwa fahari kubwa: msalaba hautoki nyumbani mwa mtu bila sala. Hauchukuliwi kama jembe la kuazima.

Basi zamu yetu ikafika. Mama alisiriba sakafu, akafua kitambaa, akaazima viti. Bwire alioga, akavaa shati lake la kwaya, akakaa karibu na mlango. Tukasikia wimbo ukitoka nyumba ya upande wa ziwa, ukapanda kilima, ukakaribia, ukafika kwenye ua wetu wa minyaa. Mama akasimama kupokea. Wimbo ukapita. Tuliona vichwa juu ya minyaa, vinapita vikiwa vimetazama mbele, vikaingia nyumba ya pili. Bwire akageuka akamuuliza mama, "Wamepotea njia?" Mama alikunja kitambaa kile taratibu, akakirudisha sandukuni, akaenda jikoni kusonga ugali.

Mwanangu, mimi nilifikiri mama ameshindwa. Alikuwa mwanamke mpole, wa kuwapisha watu njiani. Kumbe alikuwa anasubiri Alhamisi.

Alhamisi ilipofika alijifunga kanga mbili, akaniambia nimfuate. Tukaingia nyumba ya jirani ulipokuwa msalaba, tukasalimia, tukaimba na wengine. Sala ya kuuaga ilipokwisha, mwenyekiti wetu, Mzee Majura, akanyoosha mkono ampe msalaba kijana wa kuubeba. Mama akawahi. Aliuchukua kwa mikono miwili, akauegemeza begani, akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, na akatoka nao. Hakukimbia. Alitembea kama anavyotembea mtu yeyote mwenye zamu yake, watu wote wakiwa nyuma yake kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine, hadi kwenye ua wetu. Akaingia ndani, akauweka mezani. Wao wakabaki nje ya minyaa. Wimbo ukafa mmoja mmoja, kila mtu akaenda kwake.

Tulisali watatu. Mimi nilisoma somo, mama akaongoza rozari, Bwire akaimba. Sijapata kusikia sala nzuri kama ile.

Kesho yake Mzee Majura akaja na wazee wenzake. Nisikusimulie kana kwamba alikuwa mtu mbaya, maana hakuwa. Ndiye aliyechonga jeneza la baba bila kudai kitu. Lakini hofu ikimwingia mtu mwema inamtumikisha vilevile. Mama aliwapa viti na uji wa ulezi, akasikiliza. Wakasema ugonjwa wa Bwire ni mapepo, na vile vidonge vinayapa nafasi, kwa hiyo aache dawa, afungiwe sala ya siku kadhaa na watu wenye karama. Mama akamuuliza Mzee Majura kwa upole kama zile dawa zake za presha amezikemea au bado anazimeza. Mzee akakohoa. Nyani haoni kundule, lakini ukimwonyesha hakushukuru.

Ndipo akatoa lile alilokuja nalo. Ninakwambia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu unaweza siku moja kujikuta unayasema wewe.

"Mama Bwire, sisi hatukukatai wewe," alisema. "Tunakujaga kwako bila shida. Ila huyu kijana umpeleke Butiama kwa mjomba wake, akae huko. Siku ukiwa peke yako na binti, tutakuja tusali, na msalaba utaendelea."

Mama akaweka chini kata ya uji. "Mguu wako ulipovunjika, Mzee Majura, tulikuja na sukari na sabuni, tukakuimbia mpaka ukalala. Kichwa cha mwanangu kimevunjika, mnaniambia nimtupe Butiama ndipo mje kuniimbia mimi. Mimi siumwi. Anayeumwa ni yeye. Mkitaka msalaba wenu, njooni muuchukue kwa sala, na yeye akiwa amekaa hapo hapo. Msalaba unaomwogopa mgonjwa hiyo ni miti miwili tu, na kuni ninazo za kutosha."

Hakupandisha sauti. Kuuchukua msalaba bila sala wazee hawakuthubutu, maana ni kanuni yao; kusali mle ndani hawakutaka. Wakanywa uji wakaaga, wamefungwa na kamba waliyoisokota wenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nilitamani kupiga vigelegele.

Lakini hatukuwa peke yetu kusikia. Bwire alikuwa chumbani. Asubuhi yake kitanda chake kilikuwa kitupu, shuka lake halipo, na mfuko wake wa dawa haupo. Nilitoka mbio kwenye barabara ya Bunda, nikamkuta ameshapita mashamba ya muhogo, anatembea na kifurushi chake kichwani kama mtu anayekwenda mnadani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Butiama, kwa mjomba, kwa miguu, ili mama apate watu wa kusali naye. Alisema kwa akili timamu kabisa, mwanangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Kanisa lilikuwa limemfundisha kwamba zawadi kubwa anayoweza kumpa mama yake ni kutoweka.

Nikamwambia kama anakwenda, na mimi nakwenda, na mama atabaki na msalaba ule anausimulia hadithi. Akanitazama akaona sitanii. Nikakaa chini barabarani, na gauni langu zuri, katikati kabisa, lori la mizigo likatupigia honi na dereva akanitukana matusi ya Kikurya ambayo nashukuru sikuyaelewa. Bwire akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka vile. Akaniinua, tukarudi, na njiani akaniuliza kama nadhani mama atakubali kuchoma msalaba kweli. Nikamwambia mama yetu sasa hivi simwekei dhamana.

Hapo ndipo lilipotokea ambalo hakuna aliyelitegemea. Alhamisi iliyofuata tulikuwa tumeshakaa watatu, mama ameanza ishara ya msalaba, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Nyafuru, mjane mkimya wa nyumba ya juu yetu, ambaye kwa miaka hakuwa akikaribisha mtu kwake, na alikuwa amemshika mkono msichana mwenye ngozi iliyopauka, anayekunja macho kwa mwanga. Tulimkaribisha bila kumtambua. Kisha mama akashika mdomo. Alikuwa Nyafuru mwenyewe. Kibara nzima tuliambiwa Nyafuru yuko Mwanza anafanya kazi kwa shangazi yake, na tulikuwa tunamtumia salamu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa chumba cha uani, mlango umefungwa kwa nje, kwa sababu aliugua kama Bwire na mama yake aliogopa kutengwa, kama sisi tulivyokuja kukalishwa chini ya dirisha.

Mama Nyafuru hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba amesikia nyumba hii msalaba umekwama, akaona labda kuna nafasi. Mama akamkumbatia, wakalia wote wawili, na Bwire akampisha Nyafuru kiti chake karibu na dirisha, akamwambia hapo upepo ni mzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, lakini mimi naongeza kwamba anayefukuza wagonjwa ndiye anayewafundisha watu kuficha.

Baada ya hapo wakawa wanakuja. Akaja mwalimu mstaafu ambaye tulidhani ana maringo, kumbe huzuni ilikuwa inamlaza kitandani asiweze hata kunawa uso. Mke wake alimleta kwa kumsukuma mgongoni. Akaja mtu wa kitongoji kingine na mdogo wake. Msalaba ukakaa kwetu Alhamisi baada ya Alhamisi, na nyumba ikajaa watu ambao jumuiya ilikuwa imewaruka, au wamejiruka wenyewe kabla ya kurukwa. Tulijifunza kusali kwa namna yetu. Masomo yalikuwa mafupi. Aliyetaka kutembea alitembea, na aliyeongea peke yake aliachwa amalize sentensi yake. Mtu akianza kuhangaika, aliyekaa jirani yake alimshika mkono au alitoka naye uani, na sala haikusimama. Mimi nilikuwa mtu wa uani. Nimesali rozari nyingi nikizunguka nyumba ile kuliko nilizosali nimepiga magoti.

Mchumba wangu wa kwanza alisikia habari hizo akarudi nyuma. Namshukuru mpaka leo, maana aliyekuja baadaye, babu yenu, alimkuta Bwire akiwa kwenye siku yake mbaya na bado akaomba maji ya kunywa akakaa.

Sasa padre akatangaza kwamba atatembelea jumuiya zote, na kila jumuiya impokee na msalaba wake. Mzee Majura hakuwa na njia. Alikuja Alhamisi, na nyuma yake wakaja wale wengine wote, wakajazana mlangoni. Wakakuta hakuna kiti. Mama akasema, "Karibu, mwenyekiti. Nafasi ipo pale, kwa Bwire." Akaenda akakaa, kofia mkononi, amebana magoti.

Ningependa kukwambia Bwire alikaa kimya siku hiyo kama malaika. Hakukaa. Ilikuwa siku mbaya kuliko zote za mwezi ule. Katikati ya sala alianza kupaza sauti, akamnyooshea Mzee Majura kidole akisema ziwa limemtuma. Mzee akasimama, mkono juu, na nikajua anataka kuanza kukemea. Niliona wazi kwamba kama mkono ule ungeendelea, Bwire angetoka mbio na safari hii nisingemkuta.

Mama hakuinuka. "Mzee Majura, ushushe mkono wako ukae," alisema. "Ni mgonjwa. Hajakutukana."

Mzee akamtazama mama, akamtazama Bwire. Kisha mkono ukashuka, akakaa. Nyafuru, ambaye hakuwa amesema neno mbele ya watu tangu atoke uani, akaanzisha wimbo kwa sauti nyembamba inayotetemeka, na watu wa mlangoni wakaupokea. Bwire aliendelea kubishana na ziwa lake. Nilimshika mkono tukatoka, tukazunguka nyumba, tukazunguka tena, tukarudi, akakaa pale pale karibu na mwenyekiti. Sala ikaisha kama sala nyingine yoyote.

Mzee Majura akauchukua msalaba, akauliza nyumba inayofuata ni ya nani. Mama akamwambia ni ya Mama Nyafuru. Akaitikia kwa kichwa, akaanzisha wimbo, na tukaupandisha msalaba kwenye ile nyumba ambayo watu hawakuwa wamekanyaga kwa miaka. Hakuomba msamaha siku hiyo, na hadi anazikwa hakuomba. Lakini katika uenyekiti wake wote hakuruka nyumba tena, na mimi hilo nilimhesabia.

Bwire hakupona, mwanangu, kwa maana ile mnayoipenda ya kusimama mbele na kutoa ushuhuda. Dawa anakunywa mpaka leo. Yuko hapo uani sasa hivi, mzee mwenye mvi, anabishana na redio. Nakwambia hivi ili usije ukaipokea familia kwa matumaini kwamba baada ya miezi michache mgonjwa wao atakuwa picha nzuri ya kuonyesha watu. Wapokee hata kama hatapona kamwe.

Nimesikia kuhusu yule mama aliyehamia mtaani kwenu kutoka Nyegina, mwenye binti anayepiga kelele. Nimesikia pia kwamba mmeanza kuzungumza ni wapi akae ili asiwasumbue. Nakuomba ukomeshe mazungumzo hayo leo. Hujafa hujaumbika; hakuna ukoo uliopewa hati ya akili timamu. Mgonjwa haulizwi uji, kwa hiyo usimtumie salamu za kumuuliza anahitaji nini. Nenda na sabuni na sukari kama unavyokwenda kwa mwenye malaria. Kaa na binti yule saa nzima ili mama yake akalale, au aende kupokea komunyo akiwa amesimama kwenye mstari na wenzake. Muombee kwa sauti ya chini, na ukimaliza kumwombea mkumbushe dawa yake, wala usithubutu kumwambia mtu achague kati ya kidonge na Mungu. Wakati wa mahubiri akipiga kelele, mhubiri atasubiri. Mungu amesubiri watu wabaya kuliko kelele.

Wakikuambia watu watakimbia kanisa, waambie wakimbie. Watarudi siku maji yatakapowafika shingoni, na wewe utawapa kiti bila kuwakumbusha. Wakikutoa kwenye uenyekiti, njoo hapa kwangu. Tutasali watatu, wewe, mimi na Bwire, na nakuhakikishia mlango utagongwa.

Haya, inamisha kichwa nikuwekee mkono. Mwenyezi Mungu akupe shingo ngumu mahali pa haki na moyo laini mahali pa maumivu. Akujalie watoto, na akikupa mmoja mwenye akili inayotangatanga, asikose hata siku moja mtu wa kuzunguka naye nyumba. Kizazi chako kisijue chumba kinachofungwa kwa nje. Amina. Sasa nyanyuka uende kwa yule mama kabla jua halijawa kali.